Muvi za kutisha: kwa nini wasiondoke tu? Uzi kwa watazamaji na waandishi wa skripti

MLETA UZI

Wakuu, salaam.

Huu ni uzi wa wale tunaozipenda muvi za kutisha kwa dhati, na zaidi wale wanaoandika au wanaotamani kuandika skripti zake. Nitakwenda polepole, mwenye haraka aupitie baadaye. Tahadhari mapema: nitafichua siri za muvi kadhaa, maana huwezi kuonyesha fundi alivyojenga nyumba bila kuingia ndani.

Aliyewahi kukaa kwenye kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea muvi, anazijua zile kelele. Mlango umejifunga wenyewe, taa imezimika, steringi, yaani mhusika mkuu, anashuka chini na tochi, na watu kwenye mabenchi wanapaza sauti: "We, toka humo!" Watazamaji wale wanauliza swali la haki kabisa. Skripti ikishindwa kulijibu, hata umwage damu ndoo tatu, hofu haipo tena. Watu watacheka au watashika simu zao.

Kwa hiyo nasema hivi, na nitaisimamia kauli hii mpaka mwisho wa uzi: kazi ya kwanza ya mwandishi wa muvi ya kutisha ni kujibu "kwa nini haondoki" kabla mtazamaji hajauliza, na jibu litoke kwenye maisha yanayojulikana. Jini, mzimu, mchawi, vyote vinakuja baada ya hapo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni His House ya mwaka 2020, iliyoandikwa na kuongozwa na Remi Weekes, Mwingereza. Ni muvi yake ndefu ya kwanza, ikampa tuzo ya BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza, ya wanaoanza. Bol na mkewe Rial wamekimbia vita Sudan Kusini, wakavuka bahari kwa boti, na binti waliyekuwa naye, Nyagak, akazama. Uingereza inawapa nyumba chakavu wakae huku ombi lao la hifadhi likisubiri majibu. Masharti: hakuna kufanya kazi, kuripoti ni lazima, na hawaruhusiwi kuhama nyumba hiyo kwenda kukaa kwingine.

Mmeona alichofanya? Muvi za nyumba zenye mizimu zimeteseka miaka yote na swali la kwa nini familia isifungashe virago. Weekes amelijibu kwa karatasi ya serikali. Kuta zinaongea usiku, nyuma ya plasta kuna mtu, lakini wakitoka watarudishwa vitani. Tena hawawezi hata kulalamika kwa ukweli. Bol anakwenda ofisini kuomba nyumba nyingine na kisingizio chake ni panya. Atasemaje? Kwamba nyumba ina mchawi? Ataonekana mwendawazimu au mtu asiye na shukrani, na vyote viwili vinaweza kumrudisha kwao. Sini ile haina mzimu hata mmoja, imejaa mwanga wa ofisi, na mimi inanikaba koo kuliko zile za gizani.

Halafu chini ya jibu hilo la kwanza kuna la pili. Rial anasimulia habari za apeth, mchawi wa usiku, ambaye mtu akimwibia humfuata na kuishi ndani ya kuta zake. Kumbe na wao wana deni. Nyagak hakuwa binti yao. Siku ya kukimbia, basi lilikuwa linachukua wenye watoto, na Bol akamnyakua mtoto wa mtu ili wapande. Mama wa mtoto akabaki nyuma akilia. Kwa hiyo hata kama serikali ingewapa nyumba mpya kesho yake, apeth angehamia nao. Jibu la nje linawafunga mwili, jibu la ndani linawafunga roho. Skripti yenye yote mawili haiyumbi.

Nitaendelea jioni. Karibuni.

MDAU WA MWANZA

Mkuu, hii muvi niliitazama nikadhani ni ya wakimbizi tu, kumbe kuna ufundi hivi. Ila wenzetu wana hela. Sisi huku mtu anaandika skripti ya kutisha halafu bajeti yote ni nauli ya waigizaji na chakula cha mchana. Mzimu wa kompyuta utautoa wapi? Ndiyo maana tunaishia kumpaka mtu unga usoni.

MLETA UZI

Ndugu yangu wa Mwanza, hilo ndilo nilitaka mtu aliseme.

Mwaka 1942 studio ya RKO huko Hollywood ilimpa prodyuza mmoja, Val Lewton, kitengo cha muvi za bei nafuu za kutisha. Masharti yalikuwa magumu: kila muvi isizidi dola 150,000 na dakika 75, na jina la muvi anapewa na wakubwa, yeye atafute hadithi ya kulivaa hilo jina. La kwanza alilopewa lilikuwa Cat People. Mwandishi wa skripti akawa DeWitt Bodeen, mwongozaji Jacques Tourneur. Chui wa kutisha wangemtoa wapi kwa hela hizo? Wakaamua asionekane, au aonekane kidogo sana.

Kuna sini moja ambayo kila mwandishi anapaswa kuitazama mara kadhaa akiwa na kalamu. Alice anatembea peke yake usiku kando ya bustani ya Central Park. Irena, mwanamke mwenye wivu anayeamini kwamba anaweza kugeuka chui, anamfuata nyuma. Tunasikia visigino vya wote wawili. Ko, ko, ko. Halafu visigino vya nyuma vinakoma. Hakuna muziki. Alice anageuka, barabara tupu. Anaharakisha, anaanza kukimbia, na ghafla kinatokea kishindo kikali kama mnyama anayefoka. Ni breki za basi la abiria lililosimama mbele yake.

Hebu tuhesabu gharama: jozi mbili za viatu, ukuta, taa za barabarani, basi. Hofu yote imetoka kwenye sauti iliyokoma. Mwandishi amekufundisha kusikiliza visigino viwili, akakuondolea kimoja, na akili yako mwenyewe ikamaliza kazi: visigino vimekoma kwa sababu sasa ni nyayo. Hakuna kompyuta inayoweza kukuchorea chui mkubwa kuliko uliyemchora mwenyewe hapo.

Kwa hiyo mwandishi asiye na hela aanze na masikio. Nyumba zetu zimejaa sauti: friji linalounguruma, bati linalopanuka jua likizama, bomba linalovuja, geti la jirani, jenereta. Chagua moja, ifanye iwe ya kawaida kabisa, halafu ikatize.

Ngoja niwawekee kipande nilichokiandika kwa ajili ya uzi huu. Kwanza vile ambavyo skripti nyingi zinazopita mikononi mwetu huandikwa:

"Asha yupo jikoni usiku. Anasikia sauti ya ajabu. Anaogopa sana. Mara jini linatokea na kumtisha."

Hapo dairekta hana cha kupiga picha. "Sauti ya ajabu" ni ipi? "Anaogopa sana" unaionyeshaje kwa kamera? Sasa tujaribu hivi:

NDANI. JIKONI – USIKU

Friji linaunguruma. Asha (19) anasuuza sufuria la mwisho.

Kutoka koridoni: pa. Pa. Kandambili.

ASHA
Mama?

Hajibiwi. Anafunga bomba. Anasikiliza. Friji tu.

Umeme unakatika. Friji linazima.

Pa. Pa. Pa.

Asha anawasha tochi ya simu. Anamulika mlango wa nyuma, viatu vya nyumba nzima vinapopangwa. Vya Mama. Vya watoto. Vyake mwenyewe.

Kandambili za buluu za marehemu Baba hazipo.

Sijaandika popote kwamba Asha anaogopa. Friji limekuwepo tangu mstari wa kwanza ili likizima tusikie kilichokuwa chini yake. Na kila tukio limepewa mstari wake, maana kwenye skripti ukurasa mmoja huhesabiwa takriban dakika moja ya muvi. Ukibana matukio sita kwenye aya moja, msomaji anayapitia kwa sekunde tano na dairekta anayapiga kwa sekunde tano. Ukiyapa nafasi, umeshamwambia aende polepole bila kumwandikia "polepole".

Na kwa nini Asha haondoki? Mimi ningejibu hivi: ni dada wa kazi, mshahara wa miezi mitatu hajalipwa, ufunguo wa geti analala nao Mama, na kwao ni Singida. Kila anayesoma hapa anamjua Asha.

MDAU WA DODOMA

Duh. Hiyo ya viatu imenifanya nigeuke kuangalia mlango. Swali mkuu: sheria za jini au zimwi unazipangaje? Maana muvi zetu leo anapita ukutani, kesho anahangaika na kitasa.

MLETA UZI

Swali zuri. Sheria ziwe chache, zionyeshwe mapema, na zisivunjwe kwa kumhurumia steringi.

Tazama A Quiet Place ya 2018. Sheria ni moja: viumbe vinavyowinda watu havioni, vinasikia, ukipiga kelele umekufa. Bryan Woods na Scott Beck waliandika skripti ya kwanza ikiwa na kurasa 67 tu, na mazungumzo karibu hayamo. John Krasinski akaiendeleza na kuiongoza. Mwanzoni kabisa tunaonyeshwa kwamba sheria haina huruma: mtoto mdogo wa familia anawasha chombo cha angani cha kuchezea cha betri na anachukuliwa mbele ya wazazi wake. Baada ya hapo hakuna anayeuliza kama hatari ni ya kweli.

Lakini kitu ninachotaka mkitazame kwa karibu ni msumari. Mama, Evelyn, ni mjamzito. Anapandisha mfuko wa nguo kutoka chini, mfuko unanasa kwenye ngazi, anauvuta, anaendelea na shughuli zake. Hajaona. Sisi tumeona: msumari umesimama wima katikati ya ngazi ya mbao, na humo ndani watu wote wanatembea peku kwa sababu viatu vina kelele. Kuanzia dakika hiyo kila mtu akikaribia ngazi unakunja vidole vyako vya miguu. Muvi inakuacha na huo msumari muda mrefu. Kisha uchungu wa kuzaa unamshika akiwa peke yake, anashuka haraka, anaukanyaga, na haruhusiwi kupiga kelele.

Kumbukeni kwamba msumari hauna uchawi wowote. Ni seremala yeyote wa mtaani angeurudisha kwa nyundo moja. Unatisha kwa sababu sisi tunajua na yeye hajui, na kwa sababu sheria ya dunia ile imegeuza kilio cha maumivu kuwa hukumu ya kifo. Ndiyo faida ya sheria iliyowekwa vizuri: vitu vya kawaida vinageuka silaha, na mwandishi hahitaji kumleta zimwi kila baada ya dakika kumi.

MDAU WA MOMBASA

Kaka, shukrani kwa darsa. Mimi nina neno. Sisi huku pwani tatizo letu si zimwi, ni mwisho. Mtu akipagawa katika filamu, tunajua atatafutwa shekhe au mchungaji, atasomewa, jini litapiga kelele litoke, watu waseme alhamdulillah, kwisha. Mimi ni Muislamu na naamini kisomo. Sitaki kuandika filamu inayodharau dua ili watu waogope. Lakini dua ikishinda mara moja, hofu imekwisha. Utatokaje hapo?

MLETA UZI

Dada yangu, hili ni swali ambalo waandishi wengi wa huku wanalikwepa, na nafurahi umelileta kwa heshima hivyo.

Tumsome mwandishi aliyekuwa muumini kama wewe. William Peter Blatty alikuwa Mkatoliki. Aliandika riwaya ya The Exorcist mwaka 1971, kisha akaigeuza mwenyewe kuwa skripti ya muvi iliyotoka 1973, na skripti hiyo ikashinda Oscar. Hakudharau sala hata kidogo. Alifanya mambo mawili.

La kwanza, aliichelewesha. Mama wa binti anayepagawa na pepo hana dini. Anapoona mtoto anabadilika anakwenda hospitali. Vipimo baada ya vipimo, mashine zinagonga, sindano shingoni, na madaktari wanaishiwa maneno. Mwisho ni madaktari wenyewe wanaotaja habari ya kutoa pepo. Sisi tunaijua safari hii ndani ya familia zetu: zahanati, hospitali ya wilaya, rufaa, halafu usiku mmoja shangazi anasema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu wa kumwona. Mtazamaji anapofika kwenye sala, mlango mwingine wowote umeshafungwa. Hapo "kwa nini hawaondoki" imejibiwa na mapenzi ya mama. Ataondoka aende wapi, na mtoto yupo kitandani?

La pili, na ndilo la kwako hasa: msomaji dua ana jeraha. Padri Karras ni padri na pia ni daktari wa akili. Mama yake amekufa peke yake, na yeye anajilaumu kwamba hakuwepo, na imani yake inayumba. Pepo linalijua hilo, linamsemesha kwa sauti ya mama yake. Kwa hiyo tunapomtazama anasali, hatuna shaka na sala. Shaka yetu ni juu ya mtu anayeisali. Padri mzee, Merrin, anakufa chumbani humo, na Karras anaishia kulitaka pepo liingie ndani yake, kisha anajitupa dirishani.

Jaribu kumwandika shekhe wako hivyo. Ustadhi wa kweli, hodari, asiye tapeli, ila ana jambo moja ambalo hajalitubia, labda mirathi ya yatima ambayo aliisimamia na haikufika yote. Amealikwa kwenye nyumba ya yatima huyohuyo. Anajua kilichomo chumbani kinalijua. Akikataa kuingia mtoto anaangamia. Akiingia, siri yake itasemwa mbele ya watu wote. Dua inabaki na heshima yake, na hofu inabaki mpaka mwisho.

MDAU WA MOMBASA

Subhanallah. Hiyo ya mirathi nimeipata. Naanza leo.

MLETA UZI

Anza. Na usiogope kumpa mtoto yatima mistari mikali.

Nimalizie na suala la mwisho wa hadithi, kwa sababu limeguswa.

Mwaka 1968 George Romero na John Russo waliandika Night of the Living Dead, wakaipiga kwa fedha kidogo huko Pennsylvania. Watu wamejifungia nyumbani, nje kuna wafu wanaokula watu, na ugomvi mkubwa ni mmoja: tujifiche chini kwenye ghala au tubaki juu tupigilie mbao madirishani? Ben, kijana mweusi mwenye akili na ujasiri, anasisitiza juu. Cooper, mbishi asiyependeka, anataka chini. Tunampenda Ben, tunamchukia Cooper. Na usiku unapoisha, Ben amepona kwa kujificha kulekule chini alikokukataa. Asubuhi wanakuja wenye bunduki wa kuokoa watu, wanamwona dirishani, wanadhani ni mfu, wanampiga risasi. Kwa wanaojifunza kuna neema: muvi hii haina hakimiliki Marekani kwa sababu wasambazaji walipobadilisha jina lake walisahau kuweka alama ya hakimiliki, kwa hiyo inapatikana mtandaoni bure na kihalali. Hakuna kisingizio cha bando hapo, ipakueni mara moja mbaki nayo.

Sasa rukeni hadi 2017, Get Out ya Jordan Peele. Chris, mpiga picha mweusi, amekwenda kutambulishwa kwa wazazi wa mchumba wake mzungu. Kwa nini haondoki dalili zinapoanza? Kwa sababu ya adabu. Ni mgeni, ni mkwe mtarajiwa, kila kauli ya ajabu inaweza kuelezwa kama bahati mbaya, na hataki kuonekana mtu wa kulalamika. Jibu hilo sisi tunalielewa mpaka kwenye mifupa, watu wa kuvumilia ukweni. Mwishoni Chris amejiokoa, yupo barabarani, damu imemjaa, na mara taa kama za gari la polisi zinamulika. Ukumbi mzima unakata pumzi. Zimwi limeshakufa, na hofu kubwa kuliko zote inakuja na gari tunalodhani ni la polisi, maana kila aliyepo anajua kijana mweusi aliyesimama juu ya miili ataonekana vipi. Peele alikuwa na mwisho mwingine, akaupiga picha kabisa: Chris anakamatwa na kufungwa. Akaubadilisha. Anayeshuka garini ni rafiki yake Rod. Na mwisho huo wa furaha hauna uongo ndani yake, kwa sababu kwa sekunde kadhaa tumeshaishi ule mwingine. Peele akawa mwandishi wa kwanza mweusi kushinda Oscar ya skripti asilia, kwa muvi iliyogharimu dola milioni 4.5.

MDAU WA MWANZA

Mkuu, na sisi tuandike nini? Maana popobawa, yule jini wa Zanzibar, kila mtu anamtaja.

MLETA UZI

Mwandikeni, ila mtazameni vizuri. Mussa Banzi, mtengeneza filamu wa Tanzania, alishaonyesha miaka ya mwanzo ya 2000, kwa muvi zake Nsyuka na Shumileta, kwamba watu wanazipokea hadithi za kutisha za nyumbani. Njia ipo.

Kuhusu popobawa, wengi wanaoniambia wazo lao wanaanza na mabawa na jicho moja. Mimi ningeanza na ile ya 1995, mwaka wa uchaguzi, hofu ilipoanzia Pemba ikafika Unguja. Watu waliacha vitanda vyao wakalala nje, familia kwa familia, wamekoka moto, kwa sababu ndani ndiko ilikosemwa anashambulia. Hapo nyumba imeachwa kabisa. Wameondoka, na bado hawako salama! Sasa swali letu limegeuka: ukishatoka, unakwenda wapi, na unalala karibu na nani? Wakati huohuo, mjini Unguja, mtu mwenye ugonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu waliodhani ndiye popobawa. Mwandishi akiniletea skripti ya watu ishirini uani, moto unazimika, na mgeni asiyeweza kujieleza anakuja akitokea gizani, nitaisoma usiku huohuo. Mabawa asiyaonyeshe hata mara moja.

Wenye kurasa zao waweke hapa chini. Kurasa tano za kwanza zinatosha, zikiwa na sini moja kamili, na juu kabisa andika sentensi moja ya kwa nini mhusika wako haondoki. Nitasoma zote, na wadau wengine msione haya kukosoa. Mdau wa Mombasa, yako ya ustadhi naisubiri.